Daftari la Sifuri

Kiwandani walimwita Desimali, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa mpima uzito katika kiwanda cha mikate, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye miwani ya fremu nene na ulimi usio na breki. Kila nusu saa alichukua mikate kumi kutoka kwenye mkanda, akaiweka mmoja mmoja juu ya mizani ya umeme, akaandika. Wenzake wakiandika mia nne na tatu, yeye aliandika mia nne na tatu nukta sita. Ukimwambia kwamba nukta sita ya mkate haimshibishi mtu, anakutazama kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu anarudi kwenye mizani yake bila kukujibu.

Akitoka zamu ndipo kazi yake hasa ilipoanza. Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na katika chumba cha mbele palikuwa na meza, kiti kimoja na kompyuta ya mkononi iliyong'oka kitufe cha herufi J, hivyo alibonyeza kwa ukucha kijipira kilichobaki. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe, kwa video na kwa ubishi: kukusanya data, kuisafisha, kuichorea grafu, kisha kuitengenezea ukurasa kwenye mtandao ili kila mwenye simu aione. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa kukatika kwa umeme mtaani, na tuseme kweli, ulikuwa mzuri. Majirani waliufungua kabla ya kuchomeka pasi, na ulikosea mara chache. Angeishia hapo tungempigia makofi.

Thubutu! Ukurasa wa pili ulikuwa wa saa ambazo mume wake alirudi nyumbani, pamoja na visingizio vyake vimepangwa kwa aina: foleni, msiba, simu kuzima. Bwana alipouona alikusanya mashati yake akasema yeye alioa mke, hakuoa kituo cha polisi. Wa tatu ulikuwa wa ndugu wanaochelewa kwenye vikao vya familia. Mjomba wake ndiye aliyeongoza, kwa wastani wa dakika hamsini na mbili, na picha yake akaiweka juu kabisa. Mjomba alimnunia miezi minane.

"Mimi simchukii mtu," Desimali alikuwa akisema. "Namba ndizo zinazosema."

Uongo mtupu. Alikuwa anachukia vizuri tu, na aliyemchukia kuliko wote ni wifi yake.

Wifi huyu alikuwa mke wa kaka yake mkubwa. Alikuwa msusi, anasukia watu pale pale nyumbani, kwenye kibaraza, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Shule hakuimaliza. Na mama yao, mama mzazi wa Desimali na kaka, aliishi kwa wifi huyo tangu alipofiwa na mumewe, mwaka wa tisa sasa. Hilo ndilo lililomkereketa. Mama yake ana presha, presha ni namba, na namba hizo zimo mikononi mwa mtu anayehesabu wateja kwa vidole! Desimali alitaka kitu kimoja tu duniani, mama ahamie kwake, na alikuwa amekiomba mara tatu. Mara zote tatu kaka alijibu, "Mama yuko sawa hapa, mwache." Mama mwenyewe alijifanya hasikii.

Sasa basi. Nesi wa zahanati alikuwa ameagiza mama apimwe asubuhi na alasiri na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari. Wifi akaandika miezi minne mfululizo. Jumapili moja Desimali alipokwenda kusalimia, akasema, "Nipe hilo daftari, wifi, nilitengenezee programu. Familia yote iwe inaona presha ya mama kwenye simu."

Wifi akafurahi, maskini. Akafuta mafuta mikononi, akaingia ndani, akalitoa daftari chini ya godoro, limefungwa kwa leso. "Mnamwona wifi yangu?" akawaambia wateja wawili waliokuwa wakisubiri. "Huyu anachezea kompyuta hivi hivi. Mama sasa ataonekana mpaka kwenye mtandao." Akamsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi.

Desimali alipofika kwake akaketi, akaanza kuingiza. Safu ya tarehe. Safu ya namba ya juu. Safu ya namba ya chini. Pembeni mwa kila ukurasa wifi alikuwa amechora mstari kwa rula na kuandika maneno, mwandiko mkubwa wa kuinamia upande mmoja, lakini Desimali hayo hakuyasoma. Maneno hayachoreki kwenye grafu. Alipofika ukurasa wa tano vidole vyake vikasimama. Mia na thelathini kwa themanini. Mia na arobaini kwa tisini. Mia na thelathini kwa themanini. Akafunua haraka mpaka mwisho wa daftari. Vipimo mia mbili arobaini na viwili, na kila kimoja, juu na chini, kiliishia na sifuri.

"Ee!" akasema peke yake, na akatabasamu.

Ili ulielewe tabasamu hilo lazima nikurudishe kiwandani. Miaka miwili nyuma, laini ya tatu, yaani mkanda wa tatu wa mikate, ilikuwa na mpimaji mtu mzima waliyemwita Babu Unga. Desimali alizichukua karatasi zake za miezi mitatu akahesabu tarakimu za mwisho. Mizani haina upendeleo: mkate huu utaishia na tatu, ule na nane, mwingine na moja, na ukipima mingi tarakimu zote zinagawana karibu sawa. Karatasi za Babu Unga ziliishia na sifuri na tano peke yake. Huo ndio mwandiko wa mtu anayekaa kwenye stuli na kubuni, kwa sababu mtu akibuni hupenda namba iliyotulia. Babu Unga alijaribu kusema kitu kuhusu mizani ya laini ya tatu, lakini meneja alikuwa ameshaiona grafu. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na Desimali akapandishwa cheo.

Kwa hiyo sasa alijua anachokiona. Wifi hampimi mama. Anakaa barazani anasuka na kucheka, ikifika saa ya kupima anachukua kalamu anajiandikia. Mama anaweza kufa huku daftari linasema yu mzima. Desimali alipandwa na hasira ya kweli, tusimnyime hiyo. Lakini ndani ya hasira palikuwa na raha, na raha ndiyo iliyomfanya asipige simu kuuliza hata swali moja.

Akajenga ukurasa kwa siku nne. Juu akaweka kichwa cha habari kwa herufi nyekundu: DAFTARI LA UONGO. Chini yake grafu ya tarakimu za mwisho, nguzo moja ndefu juu ya sifuri na nafasi tisa tupu. Kando yake, kwa kulinganisha, akaweka grafu ya mikate yake mwenyewe, nguzo kumi zinazolingana. Akautuma kwenye kundi la familia, na chini yake akaandika kwamba Jumamosi saa nane mchana anaomba kikao nyumbani kwa kaka. Wote wakaona.

Siku hiyo hata mjomba aliwahi.

Walikuwa watano sebuleni. Mjomba, ndugu wa mama, kwenye kochi kubwa. Kaka karibu na mlango, kainamisha kichwa. Mama kwenye kiti chake cha mito, leso magotini. Wifi alikaa kwenye mkeka, na Desimali alisimama.

"Wifi, daftari hili umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi. Si nilikupa mwenyewe?"

"Kwa kupima au kwa kukisia?"

"Kwa kupima. Nikisie nini?"

Desimali akawaonyesha nguzo ile kwenye simu, akamzungushia kila mtu mpaka puani. Akaeleza habari ya mikate, akaeleza habari ya tarakimu za mwisho. "Mia mbili arobaini na mbili," akasema, "na hakuna hata moja iliyoishia na nne. Hata moja! Mwili wa mama yangu umekuwa duka, kila kitu bei isiyo na chenji?"

Wifi aliitazama ile simu. Alikuwa hajaelewa, ilionekana wazi. Akainua uso, akauliza, "Sasa sifuri ina kosa gani?"

Mjomba akacheka puani. Desimali akageuka kwa kaka yake, mikono imefunguka, kuonyesha kwamba kesi imekwisha. Hilo la wifi ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa mle ndani, na mwenye kompyuta alilichukua kama kukiri kosa.

"Na yale maneno yangu?" wifi akauliza tena. "Ya pembeni. Umeyaweka?"

"Maneno hayaingii kwenye grafu, wifi. Tunataka namba za kweli, hadithi msimulie mteja."

"Mama," kaka akasema taratibu, "huyu alikuwa anakupima au hakupimi?"

Wote wakamgeukia mama. Neno moja tu la mama lingemaliza kila kitu. Mama aliikunja leso mara mbili, akaikunjua, akatazama dirishani. "Mimi mtu mzima," akasema. "Mambo ya kupimwapimwa siyajui. Mnipeleke mnakotaka."

Wifi akamtazama mama mkwe wake kwa mshangao ambao hata mjomba alitamani asingeuona. Halafu akasimama. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa dawa, mkoba wa nguo, viatu vya mama vya kutembelea, na kipimo cha presha cha mshale chenye mpira wa kupuliza kwa mkono na mirija ya masikioni. Akavipanga miguuni pa Desimali.

"Dawa nyeupe asubuhi, ya njano alasiri baada ya kula. Mengine yote yamo kwenye daftari. Lisome," akasema. "Mimi nimeshamaliza kusema."

"Hicho kipimo baki nacho," Desimali akajibu. "Mimi ninacho cha kisasa."

Mama akahamia nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Desimali alimpa chumba cha ndani, yeye akalala kwenye godoro chini ya meza. Kipimo cha kisasa kilikuwa cha betri, unavaa mkanda mkononi, unabonyeza, namba inatokea. Alimpima mama saa kumi na mbili asubuhi kabla ya zamu, na saa kumi alasiri akirudi. Katikati mama alikuwa peke yake, na chakula kimefunikwa mezani, hakina chumvi, kama nesi alivyoagiza. Kila siku akirudi alikuta sahani nyeupe. Akaandika kwenye ukurasa: anakula vizuri.

Wiki ya kwanza namba zilikuja mia na thelathini na nne, mia na thelathini na saba, mia na arobaini na moja. Uzuri wa tarakimu hizo! Hakuna mbili zilizofanana. Akachora grafu mpya, akaiita DATA YA KWELI, akaituma kwenye kundi. Kaka akaweka kidole gumba. Wifi alikuwa ameshajitoa kwenye kundi.

Wiki ya pili ikaja mia na hamsini na mbili. Wiki ya tatu mia na sitini na nane. Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Desimali akawaandikia ndugu: "Mnaona? Haya ndiyo aliyokuwa anayaficha na sifuri zake." Mjomba akajibu kwamba huyo mwanamke ashukuru Mungu hajapelekwa mbele ya sheria. Mia na sabini na tisa. Akabadilisha betri. Mia na themanini na tatu. Akabadilisha mkono wa kulia kwa wa kushoto. Akaongeza kwenye grafu mstari wa wastani, na mstari wa wastani nao ukapanda.

Alhamisi ya wiki ya nne alirudi kutoka zamu akamkuta mama amekaa sakafuni mlangoni pa choo, mgongo ukutani, damu ya pua imelowesha leso. Hakuwa amepoteza fahamu. Alikuwa amepoteza kiburi tu, akasema kwa sauti ndogo, "Kichwa, mwanangu." Desimali alimbeba mgongoni mpaka barabarani, huyo aliyekuwa hawezi hata kubeba kreti ya mikate, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Zahanati ilikuwa na benchi la mbao na pazia la kijani. Nesi alikuwa mtu mzima, mwenye saa ya kubandika kifuani. Alimlaza mama, akamfunga mkanda, akapuliza mpira, akaweka mirija masikioni, akatulia anasikiliza huku macho yake yako kwenye mshale.

"Mia na tisini kwa mia na kumi," akasema, akaandika kwenye kadi.

"Tisini na ngapi?" Desimali akauliza.

"Tisini."

"Mshale ulisimama wapi hasa? Tisini na mbili? Tisini na nne?"

Nesi alikuwa ameshatoa vidonge. Akampa mama, akamnywesha maji, ndipo akamgeukia. "Dada, mshale hausimami. Unashuka huku unatetemeka, na wewe unasikiliza pigo la kwanza. Ukilisikia, unashika mstari mkubwa ulio karibu. Mistari mikubwa ni ya kumi kumi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo ninavyofundisha."

"Unamfundisha nani?"

"Si yule mkwe wake? Anayemletaga kila mwezi, mnene, mchekaji. Nilimkalisha hapo hapo ulipo wewe, asubuhi tatu, mpaka sikio lake likashika. Ana sikio zuri kuliko wanafunzi wangu. Yuko wapi siku hizi?"

Desimali aliinyakua kadi mezani. Kadi ya mama, miaka tisa, miandiko ya manesi sijui wangapi, wino wa bluu na mweusi. Mia na arobaini kwa tisini. Mia na hamsini kwa tisini. Mia na thelathini kwa themanini. Sifuri juu, sifuri chini, mpaka ukurasa wa mwisho. Yote yangetosha kujenga ile ile nguzo moja ndefu.

Na hapo, bila kuitwa, likamjia jambo la Babu Unga. Mizani ya laini ya tatu! Mwaka ule mizani ya umeme ya laini ya tatu ilikuwa kwa fundi, na mzee alikuwa amepewa ile ya zamani iliyotolewa stoo, ya mshale, yenye mistari ya gramu tano tano. Desimali aliwahi kuiona kwa macho yake. Hakuwa ameuliza, na aliyetaka kueleza alikuwa amenyamazishwa na grafu.

"Na chumvi?" nesi akauliza. "Mnaendelea kuificha?"

"Chumvi gani? Ninampikia bila chumvi."

"Kupika bila chumvi si kazi. Kazi ni bibi mwenyewe." Nesi akamtazama mama, na mama akafumba macho haraka. "Mkwe wake aliniambia kila kitu amekiandika kwenye daftari."

Mama alilazwa kitanda cha mapumziko mpaka siku ya pili. Desimali akarudi nyumbani kuchukua nguo zake. Daftari lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, limewekwa kama ushahidi. Akaketi sakafuni, akalifungua, na kwa mara ya kwanza akasoma pembeni.

"Kopo la poda lina chumvi. Liko chini ya mto. Nimemwachia kidogo, nyingine nimemwaga."

"Kopo hakuna. Ameweka kwenye soksi."

"Kamlilia marehemu baba. Nilimsubiri atulie ndio nikapima."

"Tumegombana chumvi. Kaniita mchawi. Kala."

"Tumetembea mpaka kona na kurudi. Miguu haikuvimba."

"Akimaliza kuongea na binti yake kwenye simu usimpime. Ngoja nusu saa, hupanda."

Hilo la mwisho alilisoma mara nne. Liliandikwa siku saba tofauti, kwa maneno yale yale, na hakuna mahali wifi alipoongeza neno la ubaya.

Akaingia chumba cha ndani, akainua mto. Kopo la poda lilikuwepo, la bati, lenye maua ya waridi kwenye kifuniko, nusu yake chumvi. Jikoni kwake mfuko wa chumvi wa kilo ulikuwa umebaki punje chache tu. Alikuwa amepima kila kitu ndani ya nyumba hiyo isipokuwa huo.

Kesho yake alilileta kopo zahanati, akaliweka juu ya shuka mbele ya mama.

"Mama. Kule kwenye kikao. Kaka alikuuliza."

Mama akalitazama kopo, akamtazama yeye. "Ningesema ananipima, ungeuliza mengine. Wewe ukianza kuuliza huachi. Ungefika kwenye kopo."

"Ukamwacha wifi aitwe mwongo mbele ya mjomba. Kwa sababu ya chumvi?"

"Niliona kwako hakuna anayejua," mama akasema, na hakuona haya hata kidogo. "Yule alikuwa ananipekua kila siku. Ananinyang'anya, namtukana, ananirudishia chumvi ya ncha ya kidole, tunakula. Wewe unanifunga mkanda, unaandika, unaondoka. Siku ishirini na sita nimelamba chumvi ninavyotaka, na hujanigombeza hata mara moja."

"Sikujua!"

"Wewe? Si unajua yote?" Mama akageukia ukutani. Akasema huko huko ukutani, "Nirudishe kwa yule mwongo wenu."

Wifi alikuwa kibarazani, ana mteja kati ya magoti, kichwa nusu kimesukwa. Alimwona Desimali akiingia getini na hakusimamisha vidole.

"Wifi, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni si ndiko ulikoniacha? Ongea hapa hapa. Huyu ni mteja, hana hisa."

Mteja akajaribu kuinuka, wifi akamkandamiza bega. Desimali akaongea basi, amesimama juani, mbele ya mwanamke asiyemfahamu. Akasema mstari mkubwa wa kumi kumi. Akasema kadi ya zahanati. Akasema kopo. Akasema, "Nilikosea," neno ambalo kinywa chake hakikuwa na mazoea nalo, likatoka likikwaruza. Wifi alimaliza msuko mmoja, akaufunga ncha, akaanza mwingine.

"Nitaufuta ule ukurasa leo," Desimali akasema. "Nifike tu nyumbani."

"Ole wako uufute." Ndipo wifi akainua uso, na hapakuwa na kicheko humo wala dalili yake. "Wateja wangu waliuona. Mtoto wa dada yangu aliuona huko anakosoma. Ukifuta, watabaki na walichokiona. Uliandika kwa nyekundu, utaandika kwa nyekundu. Hapo hapo juu, kwamba aliyedanganya ni wewe."

"Sikudanganya, wifi, nilikosea ku—"

"Andika unavyotaka, ila jina liwe lako. Na jambo la pili. Mama nitampokea, maana mama hana pa kwenda na mume wangu hajui hata dawa ya njano iko wapi. Nitampima, nitaandika, nitakutumia picha ya daftari kila asubuhi. Namba na maneno. Utaingiza yote kama nilivyoandika, usiruke, usisahihishe. Nataka nione neno langu kwenye hiyo mashine yako."

"Sawa."

"La tatu, wewe usije hapa mpaka nikuite."

"Wifi! Ni mama yangu!"

"Umelisoma daftari au hujalisoma?" wifi akamuuliza, na Desimali akaukumbuka ule mstari wa kungoja nusu saa. Mteja alikuwa ameinamisha kichwa chini kabisa, anahesabu vigae.

Kaka ndiye aliyekwenda kumchukua mama zahanati. Desimali alimkabidhi mkoba mlangoni, na kaka akaupokea bila kumwangalia.

Ukurasa upo mpaka leo, na ukiufungua utakuta kukiri kwake juu, kwa herufi nyekundu, na jina lake kamili chini yake. Barua aliyompelekea meneja kuhusu Babu Unga ilijibiwa kwa kifupi: suala hilo limefungwa. Ile grafu ya nguzo moja bado ipo. Kando ya safu za namba pameongezwa safu nyingine, pana, ya maneno. Kila asubuhi kabla ya zamu picha ya daftari inaingia kwenye simu yake, na yeye anaketi mezani na kunakili. 150/90, nimepekua, nimepata kwenye mfuko wa gauni. 140/90, tumegombana, kala. 130/80, tumetembea mpaka kona. Zote zinaishia na sifuri, na zinashuka, na yeye mpima uzito anajua zinashuka kweli.

Siku ya arobaini na moja tangu mama arudi kwa wifi ilikuja picha ambayo maneno yake yalikuwa machache. Aliikuza kwa vidole viwili, akaisoma, akaiweka simu chini, akaisoma tena. Mkanda wa kiwandani ulikuwa unamsubiri na alikuwa ameshavaa koti jeupe. Akaingiza tarehe. Akaingiza 130, akaingiza 80. Halafu kwenye safu ya maneno, mahali ambapo ndugu zake wote wangesoma, akaandika herufi kwa herufi kama ilivyoandikwa: "Mama anakuulizia. Usije." Kwenye J akabonyeza kile kijipira kwa ukucha, akahifadhi.